Mwulize Mgonjwa Wako Nyimbo Zake



Mgonjwa anapolazwa wodini kwetu, ndugu zake hawahitaji kukumbushwa walete nini. Wanakuja na shuka, sabuni, beseni, chupa ya chai, kadi ya bima kama ipo, na wengine huja hata na chandarua ingawa cha hospitali kipo. Tukiwauliza mgonjwa anatumia dawa gani nyumbani, wanajitahidi kukumbuka. Tukiwauliza chakula asichokula, wanajibu haraka. Lakini siku hizi sisi wauguzi wa wodi ya wanaume tumeongeza swali moja, na hilo ndilo linalowafanya watazamane: "Mzee huyu anapenda nyimbo gani?"

Wengine hucheka. Mmoja alituuliza kama leo hospitali imekosa kazi. Wengi husema, "Anapenda za kanisa," na wakiulizwa ni zipi, wananyamaza. Watoto walioishi na baba yao miaka arobaini wanakijua kiti chake, mboga yake, hata mtu anayemdai, lakini wimbo wake hawaujui. Katika toleo hili tunaomba tulizungumze jambo hilo, kwa sababu tumeona kwa macho yetu linavyomtesa mgonjwa, na kwa sehemu kosa lilikuwa letu.

MZEE WA KIGANGO

Mwaka 2022 tulimpokea mzee mmoja wa miaka 76 aliyepatwa na kiharusi alfajiri akiwa anakwenda zizini. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakapotea. Alikuwa anaelewa unachomwambia, hilo lilionekana machoni, lakini kila alipojaribu kujibu ilitoka silabi moja tu, ile ile, mpaka akachoka na kugeukia ukutani. Alikuwa amewahi kuwa mwenyekiti wa kigango kwa miaka mingi, mtu wa heshima zake. Basi watoto wake wakafanya ambalo karibu kila mtu angelifanya: wakaweka nyimbo za kwaya kwenye simu, wakaiegesha karibu na mto, wakaiacha iimbe kutwa.

Siku ya pili aliisukuma simu kwa mkono wa kushoto mpaka ikaanguka. Tukaiokota, tukairudisha. Siku ya tatu akafanya vile vile. Sisi tukaandika katika taarifa ya zamu kwamba mgonjwa ana fadhaa, tukawaambia watoto waendelee tu, nyimbo takatifu zitamtuliza. Tuliandika hivyo kwa kalamu yetu wenyewe, baada ya miaka zaidi ya ishirini na mitano ya kuvaa sare hii.

Aliyetufumbua macho ni dada wa mzee, aliyefika kwa basi kutoka Kilosa siku ya nne. Alisikiliza kidogo, akaizima simu, akawageukia watoto: "Nani amewaambia kaka anataka kwaya asubuhi mpaka jioni? Kaka huyu alikuwa mtu wa dansi." Wajukuu wakacheka. Watoto hawakucheka. Shangazi akaeleza kwamba katika miaka ya sitini kaka yake alikuwa kijana wa kazi katika shamba la mkonge huko Kimamba, na kila mshahara ulipotoka alipanda garimoshi kwenda Morogoro mjini kuisikiliza Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Salum alipofariki mwaka 1965, mzee akahamia kwa wapinzani, Morogoro Jazz, alikokuwa akipiga gitaa kijana Mbaraka Mwinshehe. Mambo hayo yote watoto wake walikuwa wakiyasikia kwa mara ya kwanza, wamesimama kando ya kitanda.

Mjukuu mmoja akazitafuta nyimbo hizo kwenye simu yake. Hazikumchukua dakika tano. Ya kwanza ilipoanza, gitaa tupu, mzee akafumbua macho. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kugonga shuka. Walipofika kwenye kiitikio akaimba. Hakuguna, aliimba maneno, moja baada ya jingine, mtu ambaye kwa siku nne hakuweza kutaja jina lake. Muuguzi aliyekuwa akigawa dawa kitanda cha pili aliweka trei chini.

Watu wodini walisema ni muujiza. Yafaa tueleze kwamba sivyo, ili mtu asije akategemea yasiyokuwapo. Kwa watu wengi, sehemu za ubongo zinazotunga maneno ya kusema ziko upande wa kushoto, na ndiko kiharusi cha mzee kilikopiga. Lakini wimbo hushikwa na pande zote mbili, na upande wa kulia una kazi kubwa katika kushika sauti na mapigo. Ndiyo maana mtu asiyeweza kuomba maji aweza kuimba wimbo mzima. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza njia ya kumrudisha mgonjwa wa namna hiyo kwenye kusema kwa kuanza na kuziimba sentensi fupi, huku akigonga taratibu kwa mkono wa kushoto. Njia hiyo hutumika hadi leo, nayo haihitaji mashine yoyote. Binti wa mzee aliifanya kwa "nataka maji" na "nipeni blanketi" kwa wiki kadhaa, na la maji lilikuja kutoka lenyewe bila kuimbwa. La blanketi halikutoka.

Tena kuna utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2008. Wagonjwa waliokuwa wametoka kupata kiharusi walisikiliza kila siku, kwa muda wa miezi miwili, ama muziki walioupenda wenyewe, ama vitabu vilivyosomwa kwa sauti, na wengine hawakupewa kitu zaidi ya matibabu ya kawaida. Waliosikiliza muziki walirudisha kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kutulia kwenye jambo moja vizuri zaidi kuliko wenzao, na huzuni yao ilikuwa ndogo kuliko ya wale ambao hawakusikiliza chochote. Maneno yanayotugusa hapo ni hayo: muziki walioupenda wenyewe.

Kijana mkubwa wa mzee alituvuta pembeni. "Sista," alisema, "baba alikuwa mwenyekiti wa kigango. Wageni wanakuja kumwona. Wakimkuta na nyimbo za dansi watasemaje?" Hatukumdharau, maana aibu hiyo twaijua, hata sisi ilitupitia. Tulimjibu kwamba baba yake alikuwa kijana kabla ya kuwa mwenyekiti, na kwamba mzee hakuzikataa nyimbo za kwaya kwa kukosa imani, alizikataa kwa kulazimishwa kutwa nzima, kama ambavyo mtu angekataa ugali saa ishirini na nne. Paroko alipomletea Komunyo Takatifu, binti alikimbilia kuizima simu. Paroko akauliza kwa nini ameizima, akangoja wimbo uishe ndipo akaanza sala.

WIMBO WA NANI?

Tusidhani kwamba muziki wowote ni dawa. Mama wa kazi yetu, Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliandika kwamba sauti ya mtu na vyombo vya kupulizwa au vya nyuzi vyenye sauti inayoendelea humfaa mgonjwa, lakini piano humwongezea taabu. Juu ya piano hatubishani naye, kwa kuwa wodini kwetu haijawahi kufika. Lakini aliandika pia kwamba kelele isiyo ya lazima ni ukatili kwa mgonjwa, na hapo alikuwa na haki kabisa.

Miaka mingi iliyopita, Jumapili moja, tuliiruhusu kwaya iingie wodi ya kina mama kuwafariji wagonjwa. Waliimba wimbo wa furaha na makofi. Mama mmoja aliyekuwa anaendelea vizuri na kidonda cha upasuaji akajifunika khanga usoni, akaanza kutetemeka. Tulidhani ni homa. Tulimpima, hana homa. Jioni ndipo alipotuambia kwamba wimbo ule uliimbwa siku ya kumzika mtoto wake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tangu siku hiyo hatukubali kwaya iingie kabla hatujapita kitanda kwa kitanda, na asiyetaka tunamsogeza barazani au tunaomba waimbe nje.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba mwenye huzuni lazima aletewe furaha. Mara nyingi mwenye huzuni anataka kwanza wimbo wenye huzuni kama yake, ili ajue kwamba yuko mtu aliyepita njia hiyo. Baadaye, akiwa tayari, atauomba mwingine mwenyewe. Mwenye maumivu anataka kitu cha polepole, kisichobadilika ghafla. Aliyekosa usingizi anataka anachokijua tangu zamani, maana kigeni humfanya asikilize badala ya kulala.

Haya hatukufundishwa chuoni. Tuliyapata kwa muuguzi mmoja kijana aliyeletwa kwetu akiwa na simu isiyomtoka mkononi, nasi tukamnung'unikia. Usiku mmoja tulivu alituonyesha kilichomo. Alikuwa amezipanga nyimbo zake katika orodha, kila orodha na jina lake: ya zamu ya usiku, ya kufua, ya siku aliyogombana na mtu, ya kumkumbuka mama yake marehemu. Alisema wao vijana hutumiana orodha hizo kama sisi tulivyotumiana barua, na kwamba rafiki akimtumia orodha anajua hali yake kabla hajaandika neno. Tulicheka, kisha tukatulia. Sisi tulikua na redio. Tulingoja vipindi vya salamu na maombi ya nyimbo, na wimbo ulioupenda ukipita umepita, labda kesho. Wenye bahati walikuwa na kaseti, wakairudisha nyuma kwa kalamu ili kutunza betri. Yeye akatuuliza, "Na ninyi mama zangu, orodha yenu ikoje?" Zamu hiyo hatukuwa na jibu. Ilituchukua wiki mbili kuandika nyimbo kumi na mbili kwenye daftari, na nyingine zilitutoa machozi, maana unapoutafuta wimbo unamkuta na mtu uliyeusikia naye. Nyimbo tatu za kijana yule sasa zimo katika orodha yetu. Ya kwetu moja imo katika yake, ile ya zamu ya usiku.

Kuhusu maumivu ya upasuaji, jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa tafiti 73. Wagonjwa waliosikiliza muziki kabla, wakati au baada ya upasuaji walikuwa na maumivu na wasiwasi pungufu, na walihitaji dawa za maumivu kidogo kuliko wenzao. Walihitaji kidogo, hawakuacha. Asije mtu akamwondolea mgonjwa dawa zake akamwachia simu.

Kwa watoto njiti wimbo bora haumo kwenye simu. Katika hospitali 11 za Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulifuatilia watoto njiti 272, na moja ya yaliyopimwa ni wimbo waliouchagua wazazi wenyewe, ukiimbwa papo hapo kwa taratibu kama bembelezi. Mapigo ya moyo yalitulia. Basi mama aliyembeba mtoto wake kifuani kwa njia ya kangaruu amwimbie kwa sauti yake, hata kama kwaya ilimkataa.

TAHADHARI CHACHE

Mgonjwa wa pepopunda asiwekewe muziki wowote. Mwili wake hushtuka na kukakamaa kwa sauti, mwanga au kuguswa, na kila mshtuko unamhatarisha. Vivyo hivyo mama mwenye kifafa cha mimba anahitaji utulivu. Mgonjwa aliyechanganyikiwa kwa homa kali aachwe mpaka akili itulie.

Wodini tumia hedifoni, au spika kwa sauti ya chini kabisa baada ya kumwomba ruhusa jirani wa kitanda. Weka kwenye sikio moja tu kwa mzee, ili asikie anapoitwa. Hedifoni zikihama kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine zipanguswe kwa spiriti. Nyumbani, vijana wetu wanalala nazo masikioni: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima, na mtoto desibeli 75. Kwa kuwa nyumbani hakuna kipimo, usizidishe asilimia 60 ya sauti ya simu. Sikio likivuma baada ya kusikiliza, umeshazidisha. Usikivu ulioharibiwa kwa njia hiyo haurudi.

KABLA HAWAJASAHAU

Tunalosisitiza zaidi ni kwamba swali hili liulizwe nyumbani, mtu akiwa mzima. Wodini twawakuta wengi wameshachelewa. Mzee wa kigango alikuwa na dada; wengi hawana wa kuja kutoka Kilosa. Na wale wanaoanza kupoteza kumbukumbu wanatuuma zaidi, kwa sababu nyimbo ndizo hubaki mwisho. Watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha mwaka 2015 kwamba sehemu ya ubongo inayoshika nyimbo za siku nyingi ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa wa Alzheimer huchelewa kuziharibu. Bibi asiyemtambua mwanawe aweza kuutambua wimbo. Lakini sharti mtu aujue ni upi, na bibi mwenyewe hawezi tena kusema.

Njia ni nyepesi. Nyimbo zinazokaa ndani ya mtu kwa nguvu ni zile za ujana, tuseme kati ya miaka 15 na 25. Babu aliyezaliwa mwaka 1950, tafuta za mwaka 1965 hadi 1975. Kaa naye jioni, mwekee moja moja, tazama uso wake kuliko kungoja jibu. Usimwulize tu "unapenda nyimbo gani". Mwulize mliimba nini mkivuna, nani alikuwa na redio kijijini, siku ya harusi yenu walicheza nini, mama yako alikubembeleza kwa wimbo upi. Andika katika daftari: jina la wimbo kama linajulikana, mpigaji, na kando yake andika ni wa wakati gani, wa kumtuliza, wa kumchangamsha, au wa kutompigia kabisa. Sehemu hii ya mwisho usiiache. Kisha daftari likae pamoja na kadi ya kliniki.

Utakuta nyimbo nyingi hazimo kwenye simu yoyote. Ni za ngoma za kwenu, za kutwangia, za jando, za lugha ya mama, na hazikuwahi kuwekwa kwenye santuri. Hizo mrekodi shangazi akiimba jikoni, na kuku wakilia humo humo, hakuna ubaya. Katika jumuiya moja ndogo ndogo ya hapa jirani walifanya hivyo mwaka jana kwa wazee tisa. Wawili wamekwisha kututangulia, na sauti zao zipo.

Mzee wetu alirudi nyumbani baada ya wiki tano, akitembea kwa fimbo. Aliishi mwaka mmoja na miezi. Daftari lake lina kurasa mbili, kwa mwandiko wa yule kijana mkubwa aliyeogopa wageni, nalo lina nyimbo kumi na nne: tano za Morogoro Jazz, tatu za Cuban Marimba, tano za kanisa alizozichagua mwenyewe kwa kuinua kidole, na moja isiyo na jina. Huo wa mwisho aliuimba mara mbili tu, nusu nusu. Dada yake anasema walikuwa wakiuimba vijana wa gitaa katika makambi ya mkonge ya Kimamba kabla ya mwaka 1970, unamhusu mtu aliyekaa stesheni akingoja garimoshi lililochelewa, na haukurekodiwa kamwe. Familia yake bado inautafuta. Kama yupo msomaji aliyefanya kazi kule miaka ile na anaukumbuka, apite ofisi ya parokia aache ujumbe, au aje wodini kwetu siku yoyote baada ya saa tisa alasiri, atuimbie.